Msing'oe masale kwanza

Harrow, London
9 Novemba 2025

Baba na Mama, shikamooni.

Sauti ya Mama niliipata jana alfajiri nikitoka zamu. Niliisikiliza mara tatu kituoni, ya tatu nikiwa nimefumba macho, maana nyuma ya maneno yake nilisikia jogoo, na ndoo ikiburutwa, na mtu akimwambia fundi mchanga umeisha. Kwa hiyo ukuta wa upande wa barabara umesimama. Hongera sana, Baba. Najua ulivyohangaika na zile bloku mvua ya vuli ikikunyemelea.

Lakini Mama, kuna jambo ulilisema harakaharaka, kisha ukarudi kwenye habari za kuku. Ulisema wiki ijayo fundi anahamia upande wa kwa jirani yetu Mama Mwalimu, na masale yote, ile mimea ya mpakani, yatang'olewa ili ukuta unyooke kutoka bikoni hadi bikoni. Basi langu likaja, likaondoka, mimi nimesimama palepale na simu sikioni. Naandika badala ya kupiga kwa sababu nikipiga nitalia, na Mama akinisikia nalia hatasikia ninachosema. Mdogo wangu awasomee jioni, mkishakula, asikimbize.

Kwanza niseme wazi kwamba sipingi ukuta. Hela ya bloku nilituma mimi, na niliituma kwa moyo mweupe. Tangu pampu ilipoibwa, na yule mtu akapita kwenye migomba hadi chini ya dirisha la chumba chenu, hata mimi huku nilikuwa nikishtuka usiku. Baba ana haki ya kufunga mji wake. Ninachoomba ni hatua moja ya ardhi, au moja na nusu, pale kwenye uwazi wetu wa kupitia kwenda kwa Mama Mwalimu. Naombeni mnisikilize mpaka mwisho.

Mmekuwa mkiniuliza nakaa mtaa wa namna gani, nami miaka sita nawatumia picha za theluji. Harrow siyo mjini kati. Ukipanda treni, chini ya nusu saa uko katikati ya London. Zamani huku kulikuwa mashamba na malisho. Reli ya Metropolitan ilipopita, kampuni yenyewe ikaingia kwenye biashara ya viwanja, ikawa inawaambia watu wa mjini: njoo ukae kwenye hewa, uwe na nyumba yako na bustani yako, asubuhi treni ikupeleke kazini. Mwaka 1915 wakalipa eneo lote jina la kuuzia, Metro-land. Kati ya vita vile viwili vikuu, Uingereza ilijengwa nyumba takriban milioni 4, nyingi kwenye vitongoji kama hiki. Ndiyo maana mtaa mzima unafanana. Nyumba mbilimbili zimeshikana ubavu kwa ukuta mmoja wa katikati, kama mapacha. Kila moja ina dirisha la mbele lililotokeza kama tumbo, ukuta umerushiwa kokoto, mbele kuna bustani ya hatua tano, nyuma bustani ndefu na nyembamba kama kanga iliyoanikwa.

Nimezichora nyumba hizi tangu nilipofika, na kwa muda mrefu michoro yangu ilikuwa mizuri na imekufa. Mistari imenyooka, mapaa yamekaa, rangi ya mvua naijua sasa kuliko rangi ya vumbi, lakini ndani ya picha hapakuwa na mtu. Nilikuwa najua siku ambayo kila jirani anatoa pipa lake la taka. Majina yao sikuyajua. Nikifika mlangoni kwangu usiku natafuta ufunguo, naona pazia la namba 12 linasogea kidogo, kisha linarudi. Mama, wewe ungekuwa umeshapiga hodi tangu siku ya kwanza na mkungu wa ndizi kichwani. Mimi nilingoja niitwe, na huku hakuna anayekuita.

Baba, nimekuwa nikiwaza kwamba na sisi pale Soweto ya Moshi ni watu wa kitongoji vilevile. Kihamba cha Uru, lile shamba la ukoo kule mlimani, kilipogawanywa kwa watoto watano wa Babu, na nyumba ikabaki kwa Baba Mdogo kwa kuwa ndiye kitinda mimba, kila mmoja alipata migomba ya kuhesabu kwa vidole. Ukashuka mjini ukanunua kiwanja kilichopimwa. Majirani zetu nao wameshuka hivyohivyo, huyu Kibosho, huyu Rombo, huyu Marangu, na Mama Mwalimu ametoka Upareni. Hakuna aliyezaliwa pale. Watu hawa wote walikutana kwenye viwanja vyenye namba, kila mmoja na karatasi yake, wakaanza kumwaga msingi, mwaka unapita wanafika kwenye lenta, miaka miwili tena wanapaua.

Nakumbuka Babu alipokuja kuona kiwanja. Alishuka kwenye gari la ndizi akiwa na gunia begani, na ndani ya gunia vipande vya masale alivyovikata mpakani kwake. Ulimwonyesha bikoni kwenye kona, ukamweleza kwamba mpaka umeshapimwa na wataalamu. Akaliangalia lile jiwe kwa heshima kabisa, akasema, "Hili ni la serikali, sawa. Lakini halijui kuomba msamaha." Akapiga magoti akaanza kupanda. Nilikuwa na miaka saba, nikashika vile vipande akinielekeza: upande huu juu, upande huu chini, usikosee. Alinieleza kwamba mtu akikukosea akaja na isale mkononi, huwezi kumfukuza. Na kwamba anayehamisha isale la mpaka usiku amejiletea balaa nyumbani kwake. Wala havikuhitaji maji mengi vile vipande. Mvua za masika zilipokatika vilikuwa vimeshika.

Uwazi haukupandwa na mtu, ulijitengeneza. Nadhani ulianzia kwa Mama na chumvi. Kisha ikawa mafuta ya taa, kisha ungo, kisha sisi watoto tukienda kuangalia televisheni kwa Mama Mwalimu wakati sisi hatuna. Masale mawili yakaegemea huku na huku kama watu wanaopisha. Ardhi pale chini ikawa ngumu na inang'aa, hata majani hayakuota tena. Lile shina la upande mmoja, ambalo kila anayepita analishika ili asiteleze wakati wa matope, likawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Ngozi yake ilikuwa na mabaka ya kijivu kila mahali ila pale kwenye usawa wa mkono wa mtu mzima. Chini kidogo palikuwa na mahali pengine palipolainika, usawa wa mkono wa mtoto. Hapo ni petu sisi.

Baba, hukuwepo usiku ule mdogo wangu alipopata degedege. Ulikuwa Dar kikazi. Mama alimfunga kwenye kanga, akaniambia nishike taa. Hatukwenda kwenye geti la kwa Mama Mwalimu tupige kelele mpaka mlinzi aamke. Tulipita kwenye uwazi, tukatokea dirishani kwao, Mama akaita mara moja tu, na mume wa Mama Mwalimu akatoka na funguo za pikapu mkononi, hajavaa hata shati. Kuanzia kitandani kwetu hadi kwenye pikapu sidhani dakika tatu zilipita. Daktari alisema mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshika taa, na ninajua tulipita wapi.

Sasa niwaeleze ya huku, ndipo mtaona kwa nini nimeng'ang'ania.

Namba 14 anakaa bibi mmoja wa miaka 86. Mbele ya nyumba yake kuna ua wa majani ya kijani yanayokatwa mraba, kama ukuta. Mume wake alikuwa akiukata kila mwaka. Alipofariki, ua ukaanza kuota mabega. Mwaka jana mwezi wa kumi nilimkuta amesimama na mkasi mkubwa wa kukatia, mikono inatetemeka, hajakata hata jani. Nilitaka kupita. Halafu nikamkumbuka Mama, nikasema hodi kwa Kiingereza, ambayo kwa kweli haipo, nikauliza tu kama naweza kumsaidia.

Alinipa mkasi, akaingia ndani akatoka na kamba ya rangi ya mchungwa imezungushwa kwenye vijiti viwili. Marehemu alikuwa anaivuta toka mwisho hadi mwisho ili kichwa cha ua kiwe sawa. Kamba ilikuwa na fundo katikati na tone la rangi nyeupe. Yeye akashika kijiti kimoja, mimi nikachomeka kingine. Tulikata mpaka jua likaisha, na jua la Oktoba huku halichelewi kuisha.

Kisha akanipitisha bustani ya nyuma kunionyesha kitu. Kule kuna uzio wa mbao mrefu kuliko mimi, na chini kabisa pametobolewa tundu la mraba, sentimita 13 kwa 13. Ni njia ya kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba. Wanyama hawa wamepungua sana Uingereza, na sababu moja ni nyua hizi, maana kalunguyeye hutembea usiku kilomita moja au zaidi akitafuta wadudu, na akikuta kila bustani imezibwa anashindwa kuishi. Kwa hiyo watu wanaojali wanyama huhimizwa kuacha tundu la kipimo hicho. Marehemu alilikata kwa msumeno wake, na jirani wa nyuma akakubali, akalisafisha na kwa upande wake. Nilifurahi sana. Nikamuuliza, "Anaitwa nani huyo jirani?"

Bibi akafikiri. Akasema ni mtu mwema, ana mbwa. Jina lake halijui.

Sikucheka, na ninyi msicheke. Yule bibi aliona aibu, akabaki anaangalia lile tundu. Baadaye, tukinywa chai, akaniuliza kama kwetu tuna nyua. Nikamweleza masale, Babu, gunia, na uwazi. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ndugu zake. Kisha akauliza swali la mke wa mtu aliyezoea kupima: "Upana wake ulikuwa kiasi gani?"

Nilinyoosha mikono hivi. Nikaipunguza. Nikaiongeza tena. Mama, sikujua! Nimepita pale mara elfu na elfu, na sikujua. Tena sikujua lile shina laini ni la kushoto au la kulia ukitokea kwetu. Nilirudi nyumbani nikajaribu kulichora, nikachora mara saba, na kila picha ilikuwa ya uongo.

Tangu siku ile kazi yangu imebadilika. Nimeanza kugonga milango. Namwomba mtu aniruhusu nikae kwake nusu saa, anisimulie jinsi nyumba ile ilivyokuwa yake, na kuchora nachora baadaye. Njia hii sikuibuni mimi. Yupo mchoraji wa kwetu, Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu wa mwaka 1954, ambaye kati ya 1984 na 1986 alikaa na kuzungumza na wanawake Denmark, kisha Tanzania, kisha India, halafu akachora yaliyotoka kwenye mazungumzo yale. Leo anaishi Edinburgh. Mwezi Februari nilipanda treni hadi huko kuona maonyesho yake makubwa, safari ya zaidi ya saa nne kwenda, na sikujutia senti. Alikwenda Uswidi miaka ya sabini, na mwaka 1982 alichora sura yake mwenyewe akiwa Åkersberga, kitongoji cha nje ya Stockholm. Fikirini, mtoto wa mgombani, kwenye kitongoji cha theluji, anajichora nyuso zaidi ya moja zimepandana. Mwaka 2022 picha hiyo ilinunuliwa na National Portrait Gallery, jumba la picha za sura za watu, hapa London, ikawa ya kwanza ya mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe kwa rangi kuingia kwenye hazina yao. Kila nikisema sina mahali, naikumbuka.

Na kabla yake alikuwapo Mzee Sam Ntiro wa Machame, yule Baba uliyekuwa ukisema ndiye mchoraji aliyekuwa balozi. Ni kweli, aliiwakilisha Tanganyika hapa London baada ya uhuru. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, usiku kwa bibi harusi, iko kwenye jumba kubwa la sanaa New York. Alikuwa amesoma London, lakini alichokichora ni watu wa mlimani wakienda kwa watu wengine. Naielewa sasa kuliko nilipokuwa shule.

Kuna na mwanamke wa hapahapa, Rachel Whiteread. Mwaka 1993 alichukua nyumba ya zamani mashariki mwa London, kwenye safu iliyokuwa inabomolewa, akamwaga zege ndani yake, kisha akabandua kuta. Kilichobaki kimesimama ni hewa ya vyumba, imekuwa jiwe: pale palipokuwa na mlango, alama ya mlango; pale palipokuwa na jiko la moto, donge. Ilibomolewa Januari 1994, mimi nimeiona kwenye picha tu. Lakini ndiyo iliyonifundisha kwamba hata mahali patupu pana umbo, na umbo linaweza kuchukuliwa kipimo.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachofanya. Maktaba ya mtaa wetu imenipa ukumbi wake mdogo kwa mwezi wa tatu mwakani. Nina picha kumi na moja za nyua na milango ya hapa, pamoja na bibi na kamba yake. Ya kumi na mbili siyo picha. Nataka kuning'iniza katikati ya ukumbi karatasi kubwa iliyokatwa tundu la uwazi wetu, kwa kipimo chake halisi, ili kila anayeingia apite pale alipopita Mama na chumvi. Yule bibi nimeshamwahidi atapita wa kwanza. Maonyesho nimeyaita Ua. Waliniomba nitafsiri nikawaambia siwezi, maana ni uzio, tena ni mahali pa kupikia nyuma ya nyumba, tena ni kile kinachochanua, na vyote vitatu viko kwetu.

Baba, sasa ombi lenyewe. Ukuta ujengwe, lakini pale kwenye uwazi fundi aache nafasi, aweke kigeti kidogo cha chuma cha futi tatu, chenye komeo na kufuli. Funguo ziwe mbili, moja ya Mama, moja ya Mama Mwalimu. Mwizi hatapita. Na yale masale mawili ya pale yasiguswe. Mengine, kama lazima yatoke, yasitupwe. Yakatwe vipande, yapandwe kwa ndani kufuata ukuta, yatashika, si mnajua yalivyo. Hela ya kigeti nimeituma asubuhi kwenye simu ya Mama. Kama fundi anadai ukuta utapinda, mwambieni upinde.

Mdogo wangu, na wewe nakuomba hivi kabla hawajaanza kuchimba. Chukua tepu ya fundi, pima uwazi sehemu tatu: kwenye kifundo cha mguu, kiunoni, na mabegani. Andika kwa sentimita. Simama upande wetu, jua la asubuhi likiwa bado chini, upige picha. Kama Kibo iko wazi usiihangaikie, mlima nitauchora mwenyewe, nataka ardhi. Kisha chukua karatasi nyembamba, uizungushe kwenye lile shina laini, usugue na mkaa taratibu mpaka mabaka yatokee, na uache pale pasipo na mabaka pabaki peupe. Nyuma ya karatasi uniandikie: kushoto, au kulia. Ukimaliza ikunje, umpe yule dada anayerudi huku tarehe ishirini. Wewe ndiye uliyebebwa kupita pale kwenye kanga, naona inafaa iwe mikono yako.

Mama, koti lako la sufu limetoka dukani jana, dada huyohuyo atalileta akija tena Krismasi. Miguu ya Baba ikivimba asione haya kusema. Nawasalimu wote wa Uru, mwambieni Baba Mdogo aika mnu, asante sana, kwa kahawa, wenzangu kazini wameinywa wakaimaliza kwa siku mbili.

Mama Mwalimu nampa shikamoo, mpelekeeni kwa kupita palepale. Na muulizeni taratibu, asidhani namdai, kama bado ana ule ungo wetu wenye ukingo wa utepe mwekundu.

Mwanenu,
Manka